Shajara ya gari jeusi: polishi tatu za kumalizia, rangi mbili

Siku ya 1

Gari nimeachiwa na baba mdogo. Siku ya kunikabidhi funguo alisema, "Mwanangu, nataka nilione tena linavyong'aa kama siku niliyolitoa." Nimeahidi, na shajara hii ni ya kazi hiyo.

Ni jeusi tii. Kivulini linapendeza, lakini likipigwa na jua utando wa buibui unajitokeza kila mahali, duara ndani ya duara kuzunguka pale jua linapoakisi. Ni alama za miaka ya matambara makavu na brashi za kuoshea. Rangi nyeusi haifichi kitu. Mkwaruzo ni kama mtaro mdogo, na kingo zake zinatupa mwanga upande wake. Kwenye gari jeupe mwanga huo unapotea ndani ya weupe, ila kwenye jeusi kila ukingo unaonekana kama uzi wa fedha.

Nimeosha mara mbili, nikapitisha udongo wa kusafishia rangi mpaka kiganja kikawa kinateleza juu ya boneti bila kukwama, kisha nikapima unene wa rangi. Paa ni mikroni 112 hadi 118 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Boneti ni 104 hadi 115. Madigadi na milango mitatu ziko humo humo. Mlango wa nyuma kushoto ukasoma 236, halafu 241, halafu 229. Nilidhani kifaa kimekosea, nikarudi kwenye paa, nikapata 114. Hakijakosea. Mlango ule umepigwa rangi upya, na nimeuandika pembeni kwa wino mwekundu.

Kwa wanaoanza: kipimo hicho ni cha jumla, yaani rangi ya msingi, rangi yenyewe na klia (tabaka la juu lisilo na rangi) kwa pamoja. Klia ya kiwandani mara nyingi ni kama mikroni 35 hadi 50 tu, pungufu ya unene wa unywele, na ndiyo inayobeba kinga dhidi ya jua. Kila mkwaruzo tunaoufuta tunaufuta kwa kushusha klia iliyouzunguka. Hairudi. Kwa hiyo mikwaruzo ile inayonasa ukucha nimeamua mapema kuiacha palepale.

Siku ya 2

Nimefunga kingo zote, mipira ya vioo na plastiki kwa tepu ya karatasi, nikaanza kukata, yaani kusaga klia, kwa kompaundi (polishi kali) na pedi ya ugumu wa kati. Mashine ni ile inayozunguka huku ikiyumba, mchepuo (upana wa kuyumba kwake) wa milimita 15. Kazi imekwenda bila shida, sina mengi ya kuandika. Utando wa buibui umeondoka karibu wote. Kipima kinaonyesha boneti imeshuka mikroni 2 au 3, tofauti ndogo inayokaribia uwezo wa kifaa chenyewe.

Ila sasa kuna ukungu. Ukisimama mbele ya boneti, taa inaakisi vizuri. Ukisogea pembeni na kuinamisha kichwa, kuna wepesi wa kijivu juu ya weusi, mfano wa pumzi iliyopulizwa kwenye kioo ikagoma kuondoka. Ni maelfu ya mikwaruzo midogo mno ambayo kompaundi yenyewe imeiacha. Rangi hii ni laini. Kwenye rangi laini kompaundi inafuta mikwaruzo mikubwa haraka, na haraka hiyohiyo inaandika yake.

Hapo ndipo polishi ya kumalizia inapoingia, na hapo ndipo nilipokuwa napataka. Ninazo tatu, na sijui ipi ni ya gari hili.

Siku ya 3

Nitaziita kwa rangi ya chupa, maana ninachopima ni tabia zao juu ya gari moja na sitaki mtu anunue au aache kununua kwa sababu ya boneti yangu.

Chupa ya bluu ni ya jamii ya chembe zinazovunjika. Chembe za kusaga zinaanza zikiwa na ukali, na kadiri mashine inavyozisugua zinavunjika na kuwa laini zaidi, kwa hiyo polishi inakata mwanzoni na kung'arisha mwishoni. Menzerna ya Ujerumani imejulikana kwa muda mrefu kwa njia hii, na namba za chupa zake zinasaidia kuelewa ngazi: 400 ni ya kukata, 2500 ni ya kati, 3500 na 3800 ni za kumalizia, namba ikipanda ukali unashuka. Polishi za aina hii zinadai uvumilivu. Ukisimamisha mashine kabla chembe hazijavunjika, unaacha alama za chembe kubwa.

Chupa ya kijivu ni ya jamii ya pili, ya chembe ndogo zilizo sawasawa ambazo hazitegemei kuvunjika. Meguiar's walipotoa M105 ya kukata na M205 ya kumalizia waliifanya njia hii ijulikane sana. Chembe ni ileile mwanzo hadi mwisho, hivyo anayeamua ukali ni mkono wako: mgandamizo, pedi, mwendo. Unaweza kusimama kazi inapokwisha. Lakini kwa kuwa ukali haushuki wenyewe, mgandamizo wako wa dakika ya mwisho unabaki umeandikwa kwenye rangi.

Chupa nyeupe ndiyo laini kuliko zote, nzito kidogo, ina mafuta mengi. Inateleza vizuri na inafutika bila kung'ang'ania.

Nimegawa kifuniko cha buti kwa tepu katika visanduku vinne. Vitatu vya polishi, cha nne nimekiacha na ukungu wake kiwe shahidi. Matone manne kwa kila kisanduku, kasi namba 3 kati ya 6, mipito minne, kulia-kushoto kisha juu-chini, kila mpito ukipanda juu ya nusu ya uliotangulia. Nimefuta, nimewasha taa, na chupa nyeupe imeshinda bila ubishi. Weusi wake ulikuwa wa kisima. Nimekaa nikiutazama kwa dakika kadhaa nikiwa na furaha ya kweli, nikaandika "nyeupe" kwenye daftari na kupigia mstari.

Baada ya saa moja nimenyunyizia visanduku vyote alkoholi ya isopropili iliyochanganywa na maji, sehemu moja kwa tano, nikafuta. Kisanduku cha nyeupe kimerudisha ukungu. Si wote, labda nusu yake, ila upo. Mafuta yalikuwa yamejaza ile mitaro midogo na mwanga ukawa unapita juu yake kana kwamba haipo. Nimekata neno nililoandika.

Sioni kosa kwa polishi yenye mafuta. Mafuta ndiyo yanayofanya chembe zisikwaruze. Kosa langu lilikuwa kutoa hukumu kabla ya kuyaondoa. Ningepaka nta juu yake leo, gari lingependeza wiki kadhaa, kisha ukungu ungejitokeza kidogo kidogo na baba mdogo angeniuliza kulikoni.

Siku ya 4

Nimerudia jaribio zima, na safari hii nimelifunga kila upande. Jana nilitumia pedi moja kwa polishi mbili baada ya kuisugua kwa brashi tu. Leo kila chupa ina pedi yake mpya, laini, ya aina moja na kipenyo kimoja. Ukibadilisha pedi na polishi kwa wakati mmoja hutajua nani kafanya nini. Na usifuate rangi ya pedi: ya njano ya kiwanda kimoja inaweza kuwa ya kumalizia, ya njano ya kiwanda kingine ikawa ya kukata. Ibonyeze kwa kidole, usikie ugumu wake.

Baada ya kufuta kwa alkoholi, bluu imeonekana safi sana lakini ikiwa na alama chache za upinde. Nyeupe imefanya kama jana. Kijivu ilinishangaza kwa ubaya: mistari, mingi, myembamba, kisanduku chote.

Nilikuwa tayari kuitoa kwenye orodha. Mdogo wangu alikuwa ananishikia taa, akaishusha mpaka karibu iguse rangi, akasema, "Kaka, hebu tazama hapa. Hii mistari imenyooka."

Nikainama. Kweli imenyooka, yote inaelekea upande mmoja, kutoka kwangu kwenda mbele. Mashine yangu haiwezi kuchora mstari ulionyooka hata nikitaka. Inachora vipinde na vijiduara. Mstari ulionyooka ni wa mkono. Kitambaa changu ndicho kilichokwaruza.

Nimechukua kitambaa kile nikakipapasa kwa mdomo wa juu, maana ngozi ya pale ni nyepesi kuhisi. Kilikuwa na kona iliyokauka kwa masalia ya polishi, ngumu kama ganda. Kijivu ndicho kisanduku nilichofuta mwisho, kona ile ikiwa imeshakauka. Nimekipolishi upya kisanduku hicho, nikanyunyizia alkoholi kwa wingi, nikasubiri kidogo ilegeze mafuta, nikatandaza kitambaa kipya chenye manyoya marefu kilichokunjwa mara nne, nikakivuta kwa uzito wake chenyewe bila kukandamiza. Mistari haipo. Chini yake, kijivu ni safi kuliko zote tatu.

Natamani mtu angeniambia hili mapema, kwa hiyo nalisema hapa wazi: kwenye rangi laini, kufuta tu kunatosha kukwaruza. Kabla ya kuilaumu polishi, soma umbo la alama. Vipinde ni vya mashine, iliyonyooka ni ya kitambaa, na ukungu usio na umbo ni wa chembe au pedi.

Siku ya 5

Zile alama za upinde za bluu zimenisumbua usiku. Asubuhi nimefanya kisanduku kingine, mipito sita badala ya minne, miwili ya mwisho nikiiacha mashine ijibebe yenyewe bila mkono wangu kuikandamiza. Alama zimepungua sana lakini hazikwisha. Nadhani naelewa: pedi laini na mgandamizo mdogo havizipi chembe zile nguvu ya kuvunjika hadi mwisho. Nikiongeza mgandamizo zinavunjika, lakini mgandamizo nao unaandika kwenye rangi laini kama hii. Bluu inataka rangi inayostahimili kusukumwa.

Kijivu nimeijaribu kwa mipito mitatu, minne na mitano. Kati ya mitatu na minne kuna tofauti, kati ya minne na mitano sikuona chochote. Basi minne.

Ila imenionyesha tabia yake mbaya. Kwa kuwa haivunjiki kuwa vumbi, masalia yake na klia iliyosagwa vinabaki kwenye pedi. Kisanduku cha tatu mfululizo kimetoka na ukungu kwa pedi ileile iliyotoa kisanduku cha kwanza kikiwa kioo. Nimeiangalia pedi: katikati imelowa na kuteleza kama sabuni. Sasa ninaisafisha kwa brashi ya nailoni na upepo wa kompresa baada ya kila eneo, na kila sehemu kubwa ya gari inapata pedi yake. Pedi sita kwa siku ya kumalizia si nyingi. Zinazochafuka zinaingia kwenye maji ya sabuni papo hapo, kabla hazijakauka.

Pia nimechora mstari kwa kalamu nzito kwenye sahani ya kushikia pedi. Mstari ukionekana unazunguka, pedi inafanya kazi. Kwenye mkunjo wa madigadi nimeona umesimama kabisa, pedi inatetemeka tu mahali pamoja. Nimenyoosha mkono ulale sawa na uso wa rangi, ukaanza kuzunguka tena.

Uamuzi: kijivu, pedi laini, mipito minne. Madigadi mbili na milango ya kulia imekwisha leo. Kila moja nimeifuta kwa alkoholi na kuipitia kwa taa kutoka pande tatu.

Siku ya 6

Ule wa wino mwekundu.

Mlango wa nyuma kushoto nimeuanza nikiwa na imani kubwa na kijivu, baada ya siku nzima ya mafanikio. Mipito minne, nimefuta, ukungu uko palepale. Mipito minne tena, pedi mpya. Uko palepale. Nikamulika taa kutoka chini nikaona kitu ambacho sikukiona siku ya 2: hata mikwaruzo mikubwa haikuwa imeondoka vizuri mlango huu. Klia ya aliyepiga rangi upya ni ngumu kuliko ya kiwandani. Kompaundi ilikuwa imeikuna tu, na kijivu haina ukali wa kuondoa alama za kompaundi juu ya klia ngumu namna hii. Kila chembe inapita juu ya ukungu na kuusafisha, haiusagi.

Klia ya kupigwa upya siyo lazima iwe ngumu zaidi. Inategemea klia yenyewe, kigumishi kilichowekwa na jinsi ilivyokaushwa. Nyingine huwa laini. Ninachojua ni kwamba mlango huu na boneti ni rangi mbili tofauti juu ya gari moja, na unene wa mikroni 230 haukuniambia ugumu. Uliniambia tu kwamba kuna kitu cha kuuliza.

Nimerudi kwenye kompaundi, mipito sita, mgandamizo wa kutosha. Kisha nimechukua bluu. Pedi ngazi moja juu ya laini, kasi namba 4, mipito miwili ya kukandamiza, miwili ya kawaida, miwili ya uzito wa mashine peke yake. Ungeiona inavyobadilika: mwanzoni masalia ni meupe kama maziwa, mpito wa nne yanakuwa mepesi, wa sita ni utando mwembamba wa mafuta unaoona taa ndani yake. Hapo chembe zimevunjika. Nimefuta, nimepiga alkoholi, nimemulika. Hakuna vipinde, hakuna ukungu. Mlango huu umetoka mkali kuliko sehemu yoyote ya gari, ukingo wa taa unaakisi kama umekatwa kwa wembe.

Kilichoshindwa kwenye kifuniko cha buti ndicho kilichofaulu hapa, na sababu ya kushindwa na ya kufaulu ni hiyohiyo moja. Nimeliwaza hilo mchana wote nikisafisha pedi. Watu huuliza polishi ipi ni bora ya kumalizia na mimi nimeuliza hivyo kwa muda mrefu. Swali nililopaswa kuuliza ni rangi hii inaweza kusukumwa kiasi gani.

Siku ya 7

Paa na boneti. Asubuhi paa limekwenda vizuri kwa kijivu. Boneti nimechelewa kuianza, jua limeingia mahali pa kazi, bati likapata joto. Polishi ilikauka kabla ya mpito wa tatu na mashine ikaanza kukwama. Nimefuta, kukawa na mabaka na ukungu mpya nilioutengeneza mwenyewe. Nimesimama hapo hapo. Nimefunika gari, nimesubiri mpaka kiganja kikae juu ya boneti bila kuhisi joto, nikarudia eneo lile kwa tone moja la ziada na kasi ndogo. Limesafika. Boneti iliyobaki nimeifanya jioni na mikono haikuwa na haraka.

Juu ya paa, karibu na kioo cha mbele, kuna mkwaruzo mmoja unaonasa ukucha. Nimezungusha kingo zake tu ziwe laini ili zisitupe mwanga sana. Shina lake limebaki.

Siku ya 8

Bampa na vioo vya pembeni. Bampa ni plastiki na haipotezi joto haraka kama bati, kwa hiyo nimetumia pedi ndogo, kasi namba 3, na kila mara naweka kiganja kuhakikisha. Kijivu, mipito minne, hakuna la ziada.

Kile kisanduku cha shahidi kwenye kifuniko cha buti nimekifuta mwisho kabisa. Kabla sijakigusa nilikipiga picha pamoja na jirani zake chini ya taa moja: mraba wa kijivu katikati ya weusi. Dakika tatu baadaye nisingeweza kukuonyesha kilipokuwa.

Chupa nyeupe siitupi. Nitaijaribu kwa pedi laini zaidi siku nikipata rangi laini kuliko hii.

Siku ya 9

Nimelitoa nje saa nne asubuhi jua likiwa kali. Nimelizunguka peke yangu kwanza, polepole, nikifuata duara la jua kutoka boneti hadi madigadi hadi mlango. Utando haupo. Jua linaakisi kama nukta moja.

Baba mdogo amekuja baadaye. Hakusema kitu kwa muda. Ametembea mpaka mlango wa nyuma kushoto, akainama, akajiona uso mzima humo. "Huu nilimgonga nao mwenye kuegesha vibaya, zamani," akasema. "Sikukuambia." Nikamwambia kipima kiliniambia. Akacheka sana. Kisha akauona ule mkwaruzo wa paa, akaupitisha ukucha, akaniuliza mbona huo umebaki. Nimempa kipima akipeleke mwenyewe pale: 108. Nikamweleza klia ni sehemu ndogo tu ya namba hiyo na kinachobaki chini ya mkwaruzo ni kidogo zaidi.

Amefikiri kidogo akanirudishia kifaa. "Basi uache."

Kesho ni alkoholi mara ya mwisho, gari zima, kisha nta.